Sauti ya Ushangi, Hesabu Zangu

3 Septemba

Daftari hili nimelinunua kwa ajili ya vipimo vya sukari ya zabibu, lakini lina kurasa mia mbili na vipimo havitajaza hata ishirini. Kurasa zilizobaki nitaandika yale ambayo mdomoni hayanitoki vizuri.

Mwaka jana kwenye mkutano wa kupanga mavuno nilisimama nikawaeleza watu wa kijiji kwamba mashine yangu ya kusaga zabibu inameza tani nne kwa siku, na wao wamepanga kuniletea tisa. Nilisema kwa mpangilio, namba moja baada ya nyingine. Badri wa trekta akapaza sauti kutoka nyuma: "Bi Tsiala, tukatie risiti yetu twende zetu!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Tani mbili na nusu zikachacha juu ya magari, na mpaka leo hakuna aliyepita mlangoni kwangu kusema, Tsiala, ulisema kweli.

Mimi nilianza na sufuria moja kando ya barabara kuu, nikiuza kokwa za jozi zilizotungwa uzini na kuchovywa kwenye uji wa zabibu. Leo nina mashine, nina kipima sukari, nina mitungi kumi na miwili ya udongo ya kuchachushia mvinyo, iliyozikwa hadi shingoni katika sakafu ya ghala langu. Sikurithi hata mmoja. Vyote nimevinunua. Ulimi tu ndio sikuupata sokoni.

6 Septemba

Joto. Nyigu wameanza kuzitembelea zabibu.

9 Septemba

Nimezunguka mashamba saba na kipima sukari. Tone la juisi juu ya kioo, unakielekeza juani, unasoma. Mashamba sita ya mteremkoni yana sukari kati ya ishirini na ishirini na moja kwa mia. Yanataka siku kumi na mbili zaidi, au hata kumi na tano, mvinyo upate nguvu.

La saba ni la Mzevinari, mama jirani yangu, kule bondeni kando ya mto, ambako umande haukauki mpaka saa nne. Ishirini na tatu na nusu. Zimeiva. Na katika vishada mia nilivyohesabu, kumi na moja vina kuvu la kijivu. Shamba lile lingefaa livunwe wiki hii.

Nimerudi ghalani nikamkuta fundi wa mitungi amelala kifudifudi, kichwa kimezama kwenye mtungi. Mitungi miwili mikubwa ina ufa. Ameiziba kwa chokaa. "Usitie kitu kabla ya tarehe ishirini na tano, mama," akasema, "la sivyo mvinyo wako utanywewa na fuko wa ardhini."

Mitungi hiyo miwili ndiyo ya Mzevinari. Kila mwaka huniletea mimi tani zake sita. Akivuna wiki hii sina pa kuziweka. Atazipeleka ghala la kijiji cha pili, na mtu akishaizoea njia nyingine, kumrudisha ni kazi.

Na hawezi kuvuna peke yake. Hapa hakuna awezaye. Hekta moja inataka mikono arobaini, na mikono hiyo ni ya majirani: leo kwako, kesho kwangu. Mkutano ndio unaosema zamu zinaanza lini na kwa nani.

10 Septemba

Nimekwenda kwa Ushangi anisemee mkutanoni. Alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo shuleni, sasa amestaafu, na ndiye tamada wetu, bwana wa meza, katika kila harusi na kila matanga. Hakuna anayenyanyua glasi kabla hajasema yeye.

Nikampa karatasi yenye namba kumi na saba. Akaisoma, akanirudishia.

"Dada Tsiala, hii ni dawa ya usingizi. Nipe namba moja."

"Moja haitoshi."

"Mtu ana glasi mkono huu, mkate mkono huu. Namba ya pili ataishika kwa nini, kwa meno?"

Nikampa: siku kumi na mbili, tungoje.

"Na bondeni?" akauliza. "Bondeni si huwa wanatangulia?"

Nikamjibu: "Mwaka huu hakuna tofauti kubwa."

Jibu hilo nimeliandika hapa ili angalau mahali pamoja likae jinsi lilivyo.

13 Septemba

Mkutano wetu huitwa mkutano, lakini mambo huamuliwa mezani. Safari hii ilikuwa uani kwa Badri, baada ya ubatizo wa mjukuu wake. Watu sitini na wanne, meza tatu, mishikaki ikichomwa juu ya makaa ya matawi ya mizabibu. Utaratibu ni ule ule wa babu zetu: tamada akisema neno na watu wakamaliza glasi zao, neno limepita. Hakuna kuhesabu mikono.

Aliyetangulia kusema ni Mzevinari. Alikuwa mkaguzi wa mimea katika shamba la serikali la zamani, miaka ishirini na minane. Anajua kuvu kuliko padri anavyojua dhambi. Lakini akiongea huongea na leso yake. Huanza sentensi, huisimamisha, huirudia mwanzo, kama mtu anayetafuta funguo kwenye mfuko wenye tundu.

"Bondeni," akasema, "kule kwangu... kule bondeni, kuna... nimeona kwenye vishada... mvua ikija, yaani, kama itakuja, na mimi nadhani..."

"Mzevinari, mama yangu," Badri akamkatiza, "sentensi hiyo ukiimaliza tutakuwa tunavuna za mwakani!"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Niandike sawasawa: mimi ndiye niliyecheka kwanza, kabla hata ya mke wa Badri. Nilikisikia kicheko changu kikitoka peke yake, na wengine wakakifuata.

Mzevinari akakaa.

Kisha Ushangi akasimama. Nilikuwa na saa mkononi na niliipima kazi yake kama ninavyopima sukari. Kwanza hakusema kitu, sekunde sita. Sitini na wanne wakanyamaza, hata mtoto wa ubatizo. Akaishika glasi kifuani, akaanza kwa sauti ya chini mpaka walio mwisho wa meza wakainama mbele kumsikia. Mimi husema maneno mia na sabini kwa dakika. Yeye hakufika themanini. Karatasi hakuwa nayo. Aliwatazama mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa aliona anaambiwa yeye peke yake.

"Bibi zetu," akasema, "walikuwa hawamwamshi mtoto kabla hajashiba usingizi." Sekunde nne. "Zabibu bado zimelala. Zimelala juani, zinaota asali. Ni nani hapa mwenye moyo wa kuziamsha?" Sekunde tano. "Siku kumi na mbili, ndugu zangu. Tumesubiri mangapi maishani? Tushindwe kusubiri siku kumi na mbili?"

Shangazi mmoja akafuta machozi. Kwa siku kumi na mbili!

Glasi sitini na tatu zikamalizwa. Mzevinari aliiweka yake mezani, imejaa. Jirani yake akamnong'oneza: "Mbona unamvunjia heshima Bwana Ushangi?" Ndivyo walivyoiona glasi ile: utovu wa adabu. Mimi tu nilijua kwamba ni jibu.

Nimerudi nyumbani nimeshinda. Neno langu limepita kwa mara ya kwanza katika kijiji hiki, na sijala mkate wangu wa jioni.

14 Septemba

Jua.

15 Septemba

Jua. Nimemwuliza mke wa Badri kwa nini tunangoja. Akasema: "Si zinaota asali?" Nikamwuliza sukari ni ngapi sasa. Hakujua, wala hakuona kwa nini ajue.

16 Septemba

Jua, mawingu kidogo kwenye milima ya kaskazini. Nimepita mbali na njia ya bondeni. Ni dakika tisa zaidi.

18 Septemba

Amekuja Mzevinari mwenyewe, asubuhi, na beseni lililofunikwa taulo. Ndani vishada vitano. Viwili vimevaa manyoya ya kijivu.

"Wewe una... una kile kioo," akasema. "Ulikuja tarehe tisa. Nilikuona. Ulihesabu."

"Nilipita tu, dada."

"Ulihesabu, Tsiala. Midomo yako huwa inachezacheza ukihesabu." Akakunja leso, akaikunjua. "Wao hawanisikii. Wewe una namba. Mimi nikisema, naonekana... Utabiri unasema mvua ni keshokutwa. Mwambie Ushangi. Watu ishirini, siku moja. Sitaki zaidi."

Ghalani mitungi miwili ilikuwa wazi nyuma yangu, chokaa bado ina unyevu. Hakuitazama. Angeitazama ningemwambia, nadhani. Nadhani tu, siwezi kuliapia.

Nikaenda kwa Ushangi moja kwa moja.

"Bondeni kuna kuvu," nikamwambia.

"Ulisema hakuna tofauti."

"Nilikosea."

Hata hapo. Hata hapo sikusema nilidanganya, nilisema nilikosea.

Akawa anamenya pea kwa kisu, ganda refu lisilokatika. "Dada, neno limekwisha kunywewa. Nikisimama leo nikageuka, kesho nani atanyanyua glasi yake kwa neno langu? Baba yangu alikuwa tamada miaka arobaini na hakuwahi kurudisha hata koma." Akaniangalia. "Namba ni zako. Simama wewe."

19 Septemba

Nimesimama.

Wanaume kumi na wanne na wanawake tisa walikuwa kwa Badri wakifunga trela. Nikapanda kwenye ngazi ya trekta. Nilijiambia: polepole, Tsiala, kama yeye, sekunde sita kwanza. Nikanyamaza. Kufika sekunde ya tatu Badri akauliza: "Umesahau au umevimbiwa?"

Basi nikasema kama ninavyosema. Shamba la bondeni, ishirini na tatu na nusu, kuvu kumi na moja kwa mia tarehe tisa, leo huenda thelathini, mvua kesho milimita arobaini, tuvune leo alasiri, watu ishirini, trela mbili. Sekunde ishirini na tano nimemaliza.

"Risiti imetoka!" mtu akasema.

"Bi Tsiala," akasema Badri, wala hakusema kwa ubaya, "Ushangi amesema siku kumi na mbili. Mimi nimekunywa."

"Hizo kumi na mbili ni zangu! Nilimpa mimi!"

Walicheka mpaka mmoja akashika gurudumu asianguke. "Sikieni, jamani! Sasa hata maneno ya Ushangi anadai aliyatunga yeye!"

Nilikuwa na sentensi moja iliyobaki, na hiyo isingehitaji sauti nzuri. Mitungi yangu ina ufa, ndiyo maana niliwaficheni habari za bondeni. Hata ningeisema kama chura wangeiamini, kwa sababu hakuna mtu anayejizulia aibu. Nilikuwa nayo ulimini.

Nikashuka kwenye ngazi nikaenda nyumbani.

20 Septemba

Mvua.

21 Septemba

Mvua. Fundi amekuja kukagua. Amegonga mitungi kwa fundo la kidole, imelia vizuri.

22 Septemba

Mvua. Kutoka dirishani kwangu bonde lote limejaa ukungu. Mwanga wa nyumba ya Mzevinari huonekana na kupotea.

23 Septemba

Imekatika saa saba mchana. Harufu inapanda kutoka bondeni kama siki.

25 Septemba

Siku ya kumi na mbili. Zamu zimeanza, na sasa wote wamekubali bondeni kutangulia, Badri mwenyewe ndiye aliyesema, "Tuanze kwa yule mama, maskini." Tulikuwa thelathini. Mkasi mkononi, unakata, unatupa, unakata, unatupa. Kwa kawaida watu huimba. Leo mtu alianza wimbo, mstari wa pili akauacha.

Mzevinari alichagua pamoja nasi. Kila kishada kibovu hakukitupa. Alikishusha chini, taratibu, kama mtu anayelaza kitu.

Ushangi alikuwa mstari wa tatu, viatu vimejaa tope. Nilimwona akisimama, ameshika kishada cheusi, akinitazama. Akafungua mdomo. Kisha akaendelea kukata. Ni mara ya kwanza kumwona mtu yule akikosa la kusema, na nilijua amefahamu kwamba nilimdanganya.

Mizani ni yangu, nimepima mimi. Kilo elfu mbili mia sita. Mwaka jana zilikuwa elfu sita. Tofauti ile ni chakula chake cha mwaka, kuni zake, na nauli ya kwenda kumwona bintiye mji mkuu.

Mtungi mmoja umejaa, wa pili umebaki mtupu. Haivuji hata tone.

29 Septemba

Mteremkoni sukari ishirini na tatu na nukta nne. Mvua haikuzidhuru zabibu za huko, juu kuna upepo. Watu wananisimamisha njiani: "Ushangi alisema kweli, eti!"

4 Oktoba

Kazi tu. Mashine siku nzima.

5 Oktoba

Kazi.

8 Oktoba

Mwaka jana nililala na hasira miezi mitatu kwa sababu walinicheka. Nilikuwa nikijiambia: kijiji hiki hakisikii ukweli, kinasikia sauti. Ni kweli. Nilikijua kidonda chao kuliko mtu yeyote, na nilipopata nafasi nikaweka kidole humo humo.

14 Oktoba

Karamu ya kufunga mavuno, ukumbini. Nilikwenda nikiwa nimeamua.

Ushangi aliongoza. Kila glasi na neno lake: amani, marehemu, watoto, udongo. Kwenye glasi ya saba, ya majirani, akanigeukia. "Alaverdi kwa Tsiala," akasema, yaani ananikabidhi neno nilikamilishe mimi. Ukikabidhiwa hukatai. Sijui alikusudia nini. Nadhani alikuwa ananifungulia mlango.

Nikasimama. Mzevinari alikuwa meza ya pili, karibu na dirisha.

Nikasema: "Tarehe tisa Septemba nilipima mashamba saba. Sita yalikuwa ishirini na moja au chini. La Mzevinari lilikuwa ishirini na tatu na nusu, na kuvu vishada kumi na moja kwa mia. Sikumpa Ushangi namba hiyo. Mitungi yangu miwili ilikuwa na ufa, na fundi alitaka mpaka tarehe ishirini na tano. Zimepotea kilo elfu tatu mia nne."

Halafu Badri, mashavu mekundu kwa mvinyo: "Bi Tsiala, leo hakuna hesabu! Leo kunywa!" Wakacheka kwa upendo, upendo kabisa. Aliye karibu nami akanivuta mkono nikae. Hawakusikia. Nilikiri mbele ya watu sabini na mmoja, kwa sauti ile ile ninayotajia bei ya chupa, na hawakusikia.

Ushangi alisikia. Akasimama. Sekunde sita.

"Ndugu zangu, mnacheka," akasema kwa sauti ya chini, na meza zikainama. "Mmesikia alichosema mwanamke huyu? Mvua ilinyesha kutoka mbinguni, naye anaibeba mabegani mwake." Sekunde nne. "Zabibu za jirani zimeoza, na yeye amezihesabu moja moja, kama mama anavyohesabu watoto waliochelewa kurudi. Ni nani kati yetu aliyezihesabu? Mimi sikuzihesabu. Mimi niliwaambia mngoje." Sauti ikamkatika, na safari hii sidhani ilikuwa ufundi. "Basi kama kuna kosa, ni la ulimi wangu. Na kama kuna moyo hapa, ni wa Tsiala. Kwa Tsiala!"

Mke wa Badri alilia. Badri akaja akanibusu mkono, akasema: "Nisamehe, mama, mimi ni punda." Sabini wakasimama na glasi.

Sijui kama Ushangi alikuwa ananiokoa mimi, au anajiokoa yeye, au ni mikono tu iliyozoea kazi, kama ya fundi asiyeweza kuona ufa bila kuuziba.

Nilipaswa kuiweka glasi mezani, imejaa. Njia ya kusema hapana ipo, nilionyeshwa uani kwa Badri. Lakini watu sabini walikuwa wananitazama kwa macho niliyoyatamani miaka ishirini.

Nilikunywa. Nilimaliza mpaka chini.

Nilipotazama dirishani, kiti cha Mzevinari kilikuwa kitupu.

15 Oktoba

Asubuhi nimeshuka bondeni, kwa njia fupi.

Alikuwa jikoni anatunga jozi kwenye uzi. Hakuniambia kaa. Nikasimama kando ya jiko.

"Jana," nikaanza.

"Jana sikusikia," akasema. "Ushangi alikuwa anaongea." Akavuta uzi. "Sema."

Nikasema. Mashamba saba, ishirini na tatu na nusu, kumi na moja kwa mia, ufa, tarehe ishirini na tano, elfu tatu mia nne. Nikaongeza ambayo jana sikuyasema: kwamba Ushangi aliniuliza juu ya bondeni nikamdanganya. Kwamba siku ya ubatizo mimi ndiye niliyecheka kwanza. Kwamba pale kwenye trekta nilikuwa na sentensi ya kweli mdomoni nikaimeza. Sikupumzika mahali popote. Sijui kupumzika.

Alitunga jozi nne bila kuinua uso.

"Kumi na nne," akasema.

"Nini kumi na nne?"

"Vishada vyenye kuvu. Kwa mia. Tarehe ile ile, ulipokwisha kuondoka, nilihesabu na mimi." Akaongea bila kukwama hata mara moja. "Wewe unatazama upande wa juani. Kuvu huanza nyuma ya kishada, kwenye shina."

"Mwakani utavuniwa wa kwanza," nikasema, "hata kama mitungi yangu yote imepasuka. Na tani zako ukitaka zipeleke kwingine."

"Hayo usiniambie mimi. Waambie wao. Wewe, si Ushangi."

"Watacheka."

"Watacheka," akakubali.

Alifunga fundo mwisho wa uzi, akachukua mwingine. Nikatoka. Hakunisindikiza mlangoni, na sikutegemea anisindikize.

Nimerudi nyumbani nikafungua ukurasa wa tarehe tisa. Kumi na moja nimeipiga mstari. Nimeandika juu yake kumi na nne, kwa wino, na kando yake jina la aliyehesabu.